Bunge Moja Halina Wabunge wa Nusu

Ipo rai iliyozoeleka katika nchi zenye muungano usio na ulinganifu, yaani muungano ambamo sehemu moja ina baraza lake la kutunga sheria ilhali sehemu nyingine zinatungiwa sheria zote na bunge la pamoja. Rai hiyo inasema kwamba mbunge atokaye katika sehemu yenye baraza lake hapaswi kupiga kura juu ya jambo linalohusu sehemu nyingine peke yake. Husemwa Tanzania Bara juu ya wabunge wa Zanzibar, husemwa Uingereza (hapa ikimaanisha England, si dola nzima) juu ya wabunge wa Scotland, na nchini Uganda hurudi kila mara madai ya federo yanapoibuka upya, federo ikiwa ni jina la mpango ambao Buganda ingejitawala katika mambo yake ya ndani bila kujitenga na dola. Mashariki ya mto Nile, kuanzia Jinja hadi Mbale na Nakaloke, rai hii hupata masikio mepesi, kwa sababu huko Katiba ya uhuru ya 1962 hukumbukwa kama hati iliyowapa wengine ufalme na mamlaka, na wengine ikawapa halmashauri ya wilaya. Malalamiko yanayoizaa rai hii ni ya kweli na yanastahili heshima. Dawa inayopendekezwa, yaani kuwanyamazisha baadhi ya wabunge kwa baadhi ya miswada, ni mbaya kuliko ugonjwa, na historia ya Uganda yenyewe inatosha kuthibitisha hivyo.

Ni haki kuanza na hoja ya upande wa pili ikiwa katika nguvu zake zote. Mwaka 1977, Tam Dalyell, mbunge wa jimbo la West Lothian huko Scotland, aliliuliza Bunge la London itakuwaje yeye awe na kura juu ya shule na hospitali za miji ya Uingereza, huku akiwa hana kura juu ya shule na hospitali za jimbo lake mwenyewe, ambazo zingekuwa mikononi mwa baraza la Edinburgh. Baraza hilo lilipoundwa hatimaye kwa sheria ya 1998, swali lake liliacha kuwa la nadharia. Januari 2004 muswada wa kupandisha ada za vyuo vikuu vya Uingereza ulivuka hatua yake ya pili kwa tofauti ya kura 5 tu, na miongoni mwa walioupitisha walikuwamo wabunge wa Scotland, ambako wanafunzi wao wenyewe hawakuguswa na ada hizo. Mzazi wa Uingereza aliyelipishwa alikuwa na haki ya kukasirika, na mtu anayeipinga rai inayojadiliwa hapa bila kuielewa hasira hiyo hana la kumwambia msomaji.

Uganda ililiishi swali hilo miaka 15 kabla ya Dalyell kuliuliza. Katiba iliyoanza kazi tarehe 9 Oktoba 1962 haikuijenga nchi kwa kipimo kimoja. Ilizitaja falme nne, Buganda, Ankole, Bunyoro na Toro, kuwa dola za shirikisho. Ikaiweka Busoga karibu nazo. Ikaziorodhesha wilaya za kawaida, zikiwamo Bugisu, Bukedi, Sebei na Teso. Kisha ikalitaja peke yake Eneo la Mbale, kwa sababu Bugisu na Bukedi zote mbili ziliudai mji huo na hakuna aliyekuwa tayari kuukata mgogoro kabla ya uhuru. Kati ya wote hao, Buganda ndiyo iliyopewa fungu nono. Baraza lake, Lukiiko, lilipewa mamlaka ya pekee, maana yake mamlaka ambayo Bunge la Uganda halikuruhusiwa kuyaingilia, juu ya ufalme, mawaziri wa Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, Lukiiko lenyewe, watumishi wa serikali ya Kabaka yenye makao Mengo, na mambo ya mila. Wakati huohuo Buganda ilikuwa na viti 21 katika Bunge la taifa, na waliovikalia walipiga kura juu ya kila kitu kilichohusu Bugisu, Bukedi au Teso. Mbunge wa Bugisu hakuweza kulisemea fungu la Lukiiko, lakini mbunge aliyetumwa na Lukiiko aliweza kulipigia kura fungu la Bugisu. Hakuna mfano wa swali la Dalyell ulio wazi kuliko huo.

Sasa ichukuliwe dawa inayosifiwa, na ipimwe kwa hesabu halisi za mwaka huo. Uchaguzi wa Aprili 1962 uliipa UPC ya Milton Obote viti 37, DP ya Benedicto Kiwanuka viti 24, na Kabaka Yekka, chama cha kutetea ufalme wa Buganda, viti 21, jumla 82. Obote aliunda serikali kwa kuungana na Kabaka Yekka, akapata 58. Katika mambo ya wilaya peke yake, endapo wale 21 wangetolewa nje, UPC bado ingekuwa na 37 dhidi ya 24, kwa hiyo kwa bahati serikali ile isingeyumba. Lakini kanuni ya kikatiba haiandikwi ili ifae mwaka mmoja wenye bahati. Kama Kabaka Yekka ingeungana na DP badala ya UPC, serikali ingekuwa na wabunge 45 kati ya 82 katika kodi, jeshi, polisi na mambo ya nje. Lakini kila mara muswada wa wilaya unaposomwa na wabunge wa Lukiiko wakatoka, serikali hiyohiyo ingebaki na 24 mbele ya wapinzani 37. Waziri angeandaa mpango wa shule za Bugisu akijua kwamba utaandikwa upya na watu wasiobeba dhamana ya kuutekeleza, na wapinzani wangepitisha matumizi ambayo fedha zake zinakusanywa na serikali wasiyoitaka. Mkulima wa Nakaloke, ambaye shule ya mwanawe haina paa, angeambiwa na upande mmoja kwamba fedha hazikutolewa na upande wa pili kwamba mpango haukuwa wao, na kila upande ungekuwa unasema kweli. Hapo uwajibikaji, yaani ule uwezo wa mpiga kura kumjua aliyekosea na kumwondoa, ungekuwa umekufa kwa mkono wa kanuni iliyotungwa kwa jina la uwajibikaji.

Tena makundi yasingekuwa mawili. Ankole, Bunyoro na Toro zilikuwa na madaraka yao, pungufu kuliko ya Buganda, na Busoga ilikuwa na yake, hivyo spika angelazimika kupanga madaraja kadhaa ya wabunge na kuamua, kifungu kwa kifungu, nani abaki na nani atoke. Kazi ya kuamua hivyo si ya kiufundi hata kidogo; ni ya kisiasa, na anayeifanya ndiye anayeshika Bunge.

Watetezi wa rai hii hujibu kwamba ugumu wa utekelezaji hauondoi ukweli wa kanuni. Jibu hilo lingekuwa na uzito kama kanuni yenyewe ingesimama, na kanuni husimama tu endapo yapo kweli mambo yanayohusu sehemu moja peke yake. Itazamwe kahawa. Miteremko ya Mlima Elgon inazaa kahawa ya arabika, na tangu 1954 wakulima wake waliikusanya na kuiuza kupitia chama chao kikuu cha ushirika, Bugisu Co-operative Union, chenye makao Mbale. Buganda na Busoga zinazaa robusta. Sheria ya kupanua kilimo cha arabika ingeonekana kwa jicho la haraka kuwa ya Bugisu tupu. Lakini Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa wa 1962 uligawa mgao wa mauzo nchi kwa nchi. Mgao huo ulikuwa wa Uganda nzima, na hakuna wilaya iliyopewa wake, kwa hiyo kila gunia la ziada lililoteremka kutoka Elgon lilitafuta nafasi yake katika mgao uleule ulioyabeba magunia ya Masaka, huko Buganda. Mbunge wa Masaka angetolewa nje ya mjadala kwa sababu gani? Umeme nao ni hivyohivyo. Bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa Jinja mwaka 1954, limelala kati ya kingo mbili za Nile, moja ya Busoga na nyingine ya Buganda, na nguvu yake iliendesha viwanda vya Jinja na kuwasha taa za Kampala. Sheria ya maji ya Jinja ni sheria ya taa za Kampala.

Juu ya yote hayo ipo fedha. Katika dola yenye hazina moja, shilingi iliyotengewa hospitali ya wilaya moja imetoka katika mfuko ambao wengine wote wanautazamia. Scotland yenyewe hupata sehemu kubwa ya bajeti yake kwa hesabu ya mgao inayotumika tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, ambayo hupandisha au kushusha fungu lake kadiri matumizi ya Uingereza yanavyopanda au kushuka katika huduma zilizogatuliwa. Mbunge wa Scotland anayeulizwa kuhusu hospitali za Uingereza anaulizwa pia, kwa mlango wa nyuma, kuhusu hospitali za kwao.

Hata hivyo hoja nzito kuliko zote inatoka mahali ambapo watetezi wa rai hii hawapatazami, nayo ni migogoro ya jirani kwa jirani. Bunge la pamoja lipo ili, pamoja na kazi nyingine, pawepo mtu wa tatu. Bugisu na Bukedi zilipogombania Mbale, jambo lile lilihusu wilaya mbili tu, na kwa kanuni ya kuwatoa wasiohusika, Bunge zima lingetoka nje na kuwaacha wagomvi wawili wahesabiane vichwa. Hakuna mzee wa ukoo, iwe Nakaloke au kwingineko, anayeita shauri la mpaka wa shamba kisha akawafukuza wote isipokuwa wale wawili wanaogombana. Thamani ya kura ya mbunge wa Acholi, wa Kigezi au wa Buganda katika shauri la Mbale ilikuwa hasa katika kutohusika kwake.

Mgogoro wa kaunti zilizopotea unalionyesha jambo hili kwa ukali zaidi. Kaunti hizo zilikuwa ardhi ya Bunyoro iliyotiwa chini ya Buganda na wakoloni mwishoni mwa karne ya 19, na Katiba ya 1962 iliagiza kwamba hatima ya mbili kati yake, Buyaga na Bugangaizi, iamuliwe kwa kura ya maoni ya wakazi baada ya miaka miwili ya uhuru kupita. Mwaka 1964 serikali ilipeleka muswada wa kura hiyo bungeni. Kabaka Yekka ikaupinga, ushirikiano wake na UPC ukavunjika, lakini muswada ukapita, na tarehe 4 Novemba 1964 wakazi wa kaunti zote mbili walichagua kurudi Bunyoro. Nani aliyeipatia Bunyoro haki hiyo? Bunyoro yenyewe ilikuwa na wabunge wachache, wasioweza kamwe kuwashinda 21 wa Lukiiko. Walioipatia walikuwa wabunge wa Lango, Teso, Bugisu, Toro na kwingineko, watu ambao kwa kipimo cha rai inayokanushwa hapa hawakuwa na lolote la kusema, kwa kuwa ardhi ile haikuwa yao na wakazi wake hawakuwa wapiga kura wao. Kanuni ya “wahusika peke yao” ingekuwa imeihukumu Bunyoro kukaa milele chini ya wingi wa mpinzani wake. Kanuni inayojitangaza kuwa ngao ya wanyonge ingekuwa, katika kesi kubwa kuliko zote zilizowahi kuijaribu Uganda huru, fimbo ya mwenye nguvu.

Tanzania inatoa ushahidi wa aina nyingine. Hati za Muungano za 1964 ziliorodhesha mambo 11 ya Muungano, na orodha hiyo katika Katiba ya 1977 imefika mambo 22. Yaliyobaki Zanzibar inayashughulikia kwa Baraza la Wawakilishi, ilhali ya Bara yanaamuliwa na Bunge la Muungano, ambamo wabunge wa Zanzibar wana kura kamili. Hakuna mahali pengine Afrika Mashariki ambapo swali la Dalyell linaishi waziwazi hivi hadi leo. Lakini desturi ya Tanzania imekwenda mbali kuliko kura. Hussein Mwinyi, akiwa mbunge wa Kwahani, Unguja, alikuwa Waziri wa Afya kuanzia 2012 hadi 2014. Makame Mbarawa, naye Mzanzibari, alikabidhiwa Wizara ya Maji mwaka 2018. Na afya na maji si mambo ya Muungano. Tangu Machi 2021 Rais wa Jamhuri ya Muungano ni Samia Suluhu Hassan, Mzanzibari, ambaye saini yake ndiyo inayoufanya muswada wa kilimo cha Bara kuwa sheria. Anayetaka mbunge wa Unguja anyamaze kilimo cha Bara kinapojadiliwa aeleze Rais naye afanye nini muswada huo unapofika mezani kwake. Akijibu kwamba Rais ni wa wote, basi amekwisha kukubali kwamba mtu aliyetoka sehemu moja anaweza kuwa wa wote, na hoja yake haina tena mguu wa kusimamia.

Na hata Tanzania, kinachoitwa cha Bara peke yake huvuka bahari. Umeme si jambo la Muungano, lakini tangu 1980 Unguja inawaka kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Bara, na Machi 2017 Rais John Magufuli alipoliagiza shirika la umeme la TANESCO likate huduma kwa wadaiwa wote sugu, bila kuiacha Zanzibar, Wazanzibari walijifunza jinsi jambo lisilo la Muungano linavyoweza kuzima taa zao.

Uingereza, baada ya kuilalamikia hali hii kwa karibu miaka 40, iliijaribu dawa yenyewe. Oktoba 2015 Bunge la London lilibadili kanuni zake ili miswada ambayo spika ameithibitisha kuwa ya Uingereza peke yake isiweze kupita bila ridhaa ya wabunge wa Uingereza. Kanuni hizo zilisimamishwa Aprili 2020 na kufutwa Julai 2021, na waliozifuta walikuwa wahafidhina walewale waliozitunga. Kabla yao, Waziri Mkuu Gladstone alikwishahangaika na fundo hilihili alipotaka kuipa Ireland bunge lake: mpango wake wa 1886 uliwatoa kabisa wabunge wa Ireland, na ule wa 1893 ulianza kwa kuwaruhusu katika mambo fulani na kuwazuia katika mengine, kabla ya utaratibu huo wa kuingia na kutoka kuachwa njiani kwa kuwa hautekelezeki. Bunge lenye uzoefu mrefu kiasi hicho limeijaribu dawa, limeitema.

Linabaki lile ambalo watu wa wilaya za mashariki walikuwa na haki ya kulilalamikia, nalo lisifichwe nyuma ya hoja zilizotangulia. Kosa la 1962 lilikuwa mlangoni, katika namna wale 21 walivyoingia bungeni, na katika ngazi ya chini, ambako wengine waliachwa mikono mitupu. Katiba iliiachia Lukiiko hiari ya kuwachagua wabunge wa Buganda badala ya wananchi, na Lukiiko, ambamo Kabaka Yekka ilikuwa imezoa viti 65 kati ya 68 vilivyogombewa Februari 1962, iliitumia hiari hiyo. Ndiyo maana Kiwanuka, Muganda aliyekuwa Waziri Mkuu na kiongozi wa chama chenye wabunge 24, alijikuta hana kiti. Wabunge walioingia kwa mlango huo walikuwa wajumbe wa Mengo kabla ya kuwa wawakilishi wa watu, na mjumbe wa serikali moja akipiga kura katika mambo ya serikali nyingine ana kasoro ambayo mbunge wa kweli hana. Kama wangechaguliwa na wananchi wa Buganda, kura yao juu ya Bugisu ingekuwa na uhalali uleule wa kura ya mbunge wa Bugisu juu ya barabara ya Masaka.

Upande wa pili, halmashauri za Bugisu na Bukedi ziliachwa chini ya uangalizi wa mawaziri, bila fungu lolote la mamlaka ya pekee, ingawa ghasia za kodi za Bukedi za Januari 1960 zilikuwa zimekwisha kuonyesha jinsi watu wa huko walivyochoshwa na utawala wasioushika wenyewe. Haki waliyoikosa ilikuwa ya kuamua mambo yao kwao. Kumziba mdomo mbunge wa Buganda kusingewaongezea hata chembe ya haki hiyo, kwa kuwa mambo yao yangebaki Kampala vilevile, mikononi mwa wabunge wa Kigezi na West Nile badala ya wabunge wa Buganda. Kenya, iliyounda kaunti 47 kwa Katiba ya 2010 na kuipa kila moja bunge lake lenye madaraka sawa, haina mtu anayeuliza kwa nini mbunge wa Mombasa anapiga kura juu ya Kisumu. Swali limekosa pa kuota.

Ipo nafasi halali ya kubishania uzito wa kura, na hiyo ni hoja tofauti kabisa. Ireland Kaskazini, ilipokuwa na bunge lake Stormont tangu 1921 hadi 1972, ilipunguziwa viti London, lakini wabunge wake waliobaki walikuwa na kura kamili. Zanzibar kinyume chake ilikuwa na majimbo 50 kati ya 264 katika uchaguzi wa 2020, ilhali sensa ya 2022 iliihesabia watu milioni 1.9 hivi kati ya milioni 61.7 wa nchi nzima. Mtu anaweza kuona kwamba idadi hiyo ni ulinzi unaostahili mshirika mdogo aliyeingia katika Muungano akiwa dola, au akaona imezidi. Vyovyote vile, linalojadiliwa ni wingi wa viti, na kila anayekaa juu ya kiti anabaki mbunge mzima.

Uganda haikupata nafasi ya kulirekebisha kosa lake kwa amani. Obote aliisimamisha Katiba Februari 1966, jeshi likaivamia Mengo Mei mwaka huohuo, na Katiba ya 1967 ikafuta falme zote, ikaleta ulinganifu wa kuwanyima wote. Lakini mlango umefunguliwa tena. Marekebisho ya Katiba ya 2005 yameruhusu wilaya mbili au zaidi kuungana na kuunda serikali ya mkoa, na yakazihesabu Buganda, Bunyoro, Busoga, Acholi na Lango kuwa zimekwisha kukubali. Serikali hizo hazijaundwa hadi leo, na Bugisu haimo katika orodha ile, ila hakuna kinachoizuia kuingia. Jinja imetajwa kupitia Busoga; Mbale, Sironko, Manafwa, Bududa, Bulambuli na Namisindwa zinasubiri viongozi wake waamue. Viongozi hao, badala ya kupoteza pumzi wakidai mbunge wa Buganda akae kimya siku federo itakapokuja, na waidaie Bugisu serikali ya mkoa yenye baraza lililochaguliwa na watu wake na fedha zake yenyewe, na waidai sasa, kabla Buganda haijapewa yake peke yake kwa mara ya pili.